"Breki zimefeli" si jibu

Lori likianguka kwenye vilima vya Kasulu kwenda Manyovu, mkoani Kigoma, jibu linalotangulia ni lilelile: breki zimefeli. Jibu hilo humpa nafuu mwenye gari, fundi na dereva, lakini halimsaidii atakayepita hapo kesho.

Breki za upepo, ambazo ndizo za malori makubwa, hazifeli kwa namna watu wanavyodhani. Upepo ukivuja ukaisha, springi za breki ya mkono hujikaza zenyewe na gari linakwama. Isipokuwa fundi awe amezifunga kwa boliti ili gari litembee hivyohivyo, na huo ni uhalifu, sioni jina jingine la kuupa. Kwa hiyo lori lililokimbia mteremkoni mara nyingi upepo lilikuwa nao.

Kilichotokea ni joto kali la breki. Dereva akishuka na gia kubwa huku mguu umelala kwenye pedali, dramu (ngoma ya chuma inayozunguka na tairi) hupata joto, hutanuka na kuziacha nyuma shuu zinazoibana kwa ndani. Fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki, ile inayosukumwa na upepo ili shuu zibane, inalazimika kusafiri zaidi. Kama tangu mwanzo ilikuwa imelegea, inafika mwisho wake kabla shuu hazijabana. Mita ya upepo inasoma vizuri, na lori haliitiki.

Ulegevu huo unaonekana asubuhi kabla ya kuondoka. Zuia matairi, jaza upepo, zima injini, achia breki ya mkono, kisha utingo aingie chini avute kila fimbo kwa mkono. Ikicheza zaidi ya inchi moja, ikazwe hapohapo. Baada ya hapo mwenye usukani akanyage breki ashikilie dakika moja: kwa semi na tela lake, mita isishuke zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Maji ya kwenye matangi ya upepo yamwagwe kila siku. Mteremko nao uanzwe na gia ndogo kabla gari halijashika kasi, na anayeweka nyutro ili kubana dizeli anacheza na roho za watu.

Mizani inapima tani, mwisho 56 kwa gari zima, lakini haipimi urefu wa mzigo kwenda juu. Marobota ya tumbaku ya Urambo yakipangwa juu sana, lori linapinduka kwenye kona ambayo basi limepita salama. Tangi la mawese lililojaa nusu ni baya zaidi, maana mafuta hukimbilia upande wa nje wa kona na kulisukuma gari.

Linaloniuma kuliko yote ni lori lililoharibika usiku kwenye misitu ya Kaliua kuelekea Uvinza, bila taa, na matawi mabichi yamewekwa hatua kumi nyuma yake. Gari la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Tawi haling'ai, likionekana, muda wa kufunga breki umekwisha. Pembetatu za kung'aa ziwekwe mita 100 au zaidi nyuma, nyingine mbele, na kama pameharibikia baada ya kona, ya nyuma iwekwe kabla ya kona. Masika, tope hufunika riflekta zote za tela, kwa hiyo kila mnaposimama kabla giza halijaingia, utingo apite nyuma na ndoo ya maji na kitambaa.