Mradi wa Kwanza wa Maji Mombasa Uwe wa Vyoo

Maji yakikatika Mombasa, maneno huwa ni yale yale: bwawa la Mwache linalojengwa litakamilika lini, na mbona hatusafishi maji ya bahari ilhali bahari imetuzunguka? Mimi naona tuanze na vyoo.

Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, lenye matundu na nyufa. Majitaka hupenya humo upesi, hayapati mchanga wa kuyachuja. Viwanja navyo ni finyu, kwa hivyo kisima na shimo la choo hupakana, na mara nyingi jirani ndiye mwenye shimo. Tukivuta maji kupita kiasi, bahari nayo huingia chini kwa chini. Tumezoea kusema “chemsha tu.” Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala naitreti, kemikali zinazotokana na kinyesi. Maji yakipungua sufuriani, hizo hukolea zaidi.

Maji matamu tunaletewa kutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika Shimba Hills, na Tiwi. Vyote vinne viko nje ya kaunti yetu. Bomba kubwa likipasuka, mtungi wa mkokoteni hupanda bei siku hiyo hiyo (na ni nani humuuliza hamali alikojaza?).

Mwache, ambayo nayo iko nje, katika kaunti ya Kwale, imalizwe. Mtambo wa maji ya bahari siukatai, ila unakula umeme mwingi, na maji ya bei hiyo kuyapitisha kwenye mabomba yanayovuja ni kumwagilia barabara. Tena bomba lisilo na maji halikai salama: presha ikishuka, uchafu ulioloweka udongo hufyonzwa ndani kupitia nyufa zile zile. Hata maji ya Mzima, yakifika mtaani, yanaweza kukutana na choo cha jirani.

Mvua ndiyo tunayoidharau. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 100 za mraba hupokea kama lita 100,000. Tupoteze hata nusu, zinazobaki si haba. Ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ina kisima, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kuoshea tu. Ya kunywa yalitegemewa ya mvua, kwenye birika la kuhifadhia maji.

Ningekuwa mtoa vibali, ghorofa mpya haingeanza mpaka mwenyewe anionyeshe majitaka yake yanakwenda wapi na tangi la mvua litakaa wapi. Visima vya zamani nisingevifunga. Maji yake yangeendelea kusafisha vyoo na sakafu, kwa bomba lake peke yake, na mfereji wake upakwe rangi nyekundu ili mtoto asikinge kikombe hapo.