Toleo la redio ni la nani?

Kaka yangu alikuwa na kanda ya dakika 90 iliyojaa nyimbo alizozinasa redioni hapa Kampala, miaka ile Sanyu FM na Capital FM zilipoingia hewani, kuanzia 1993. Mmojawapo ni "Creep" wa Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza. Mtangazaji anapiga soga juu ya gitaa mpaka mwimbaji, Thom Yorke, anapofungua kinywa, ndipo ananyamaza. Tuliukariri hivyo hivyo, na neno "very" kwenye kibwagizo. Miaka baadaye jirani akaleta CD yenyewe, tukasikia tusi mahali pa "very". Tukaapa kwamba CD ile imechezewa.

Kumbe kilichochezewa ni chetu. Bendi yenyewe ilirekodi toleo safi ili redio zikubali kuupiga. Kwa mkusanyaji wa London toleo hilo ni pambo la kabati. Kwetu sisi ndilo lilikuwa wimbo. Kitu adimu kilikuwa CD.

Ndiyo maana nasitasita ninaposikia watu wakibishana kama ni halali kusambaza bure singo adimu (nyimbo zilizotolewa peke yake, nje ya albamu) na matoleo ya redio ya bendi za roki. Wanaosambaza wana hoja nzito. Singo ya kwanza ya bendi ya Marekani Nirvana, "Love Buzz", ilitolewa na kampuni ya rekodi ya Sub Pop mwaka 1988, nakala takribani 1,000 za santuri zilizotiwa namba kwa mkono. Anayeiuza leo ni mtu wa tatu au wa nne, na bei yake haiongezi hata shilingi mfukoni mwa bendi. Isipokuwa mtu akinakili, kijana wa Gulu atasikia wapi sauti ya santuri ile? Nasi tunajua faida ya kunakili. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi ngoma na nyimbo za nchi hii mwishoni mwa miaka ya 40 na mwanzoni mwa miaka ya 50. Rekodi zikahifadhiwa Uingereza, na nakala zilizorudi Makerere ndizo zinazowawezesha wanafunzi wa leo kuzisikia.

Upande wa pili una sheria: ile ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamlinda mtunzi, mtayarishaji na hata kituo cha redio. Lakini mimi hunigusa zaidi haki ya msanii kusema "hii bado". Mwaka 2019 ziliibwa saa 18 hivi za rekodi za Radiohead za enzi za albamu yao OK Computer. Ilisemekana mwizi alidai pesa ili asizivujishe. Bendi haikulipa chochote. Ilizitoa yenyewe kwa pauni 18, mapato yakaenda kwa wanaharakati wa mazingira. Walijitoa kwa akili, ila hakuna aliyewauliza kama wanataka majaribio yao yasikilizwe. Na kwa bendi ndogo ya hapa Kampala, inayompelekea mtangazaji wimbo kwenye flashi kabla haujatoka, kuvuja si suala la heshima tu. Ni chakula.

Mimi naweka mpaka hapa: kilichokwisha kurushwa hewani kwa ridhaa ya msanii, tukihifadhi na tukisikilize, kilichobaki studio kiachwe huko. Najua mpaka huu unavuja. Nirvana walipiga "You Know You're Right" jukwaani Chicago mwaka 1993, mashabiki wakanasa. Wakaurekodi studio Januari 1994, mwimbaji wao Kurt Cobain akafariki Aprili, na toleo hilo likatoka rasmi mwaka 2002 baada ya kesi, nalo lilikuwa limeshavuja. Je, umati wa Chicago ulikuwa "hewani"? Nikilazimishwa nitasema ndiyo kwa kanda ya jukwaani na hapana kwa ile ya studio, ingawa masikio yangu yalishazisikia zote mbili.

Kanda ya kaka nimeihamishia kwenye kompyuta mwezi uliopita, na soga za mtangazaji nimeziacha. Wimbo unapoisha zinabaki sekunde chache za kile kaka alichokifuta ili kurekodi: matangazo ya vifo ya Radio Uganda, mtu anasoma kwa taratibu jina la kijiji, halafu kanda inakata.