Moyo uliochoka: tuikarabati pampu ya kalsiamu au tushushe mzigo?

Ukimsikia daktari akimuuliza bibi aliyevimba miguu, “Usiku unalalia mito mingapi?”, usidhani anapiga soga. Anayehitaji mito mitatu ndipo apumue, huenda ana maji kwenye mapafu kwa sababu moyo wake umeshindwa kusukuma damu inavyotakiwa. Ni nini kinachoulegeza msuli ule? Hapo watafiti wamegawanyika miaka mingi, kundi moja likizinyooshea kidole protini zinazoshika na kusukuma kalsiamu, na wapinzani wao wakiulaumu mzigo unaoulemea moyo.

(Kabla mtu hajakimbilia maziwa na vidonge vya mifupa: kalsiamu ya mwilini haipungui hapa. Shida ni jinsi seli za moyo zinavyoigawa na kuikusanya.)

Kwamba moyo hauwezi kudunda bila kalsiamu tunajua tangu 1883. Sydney Ringer, daktari wa London, aliona moyo wa chura ukiendelea kudunda kwenye maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ukidorora kwenye yale yaliyotengenezwa kwa maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba yalikuwa na kalsiamu.

Kila pigo linapoanza, kalsiamu humwagika kutoka kwenye ghala dogo ndani ya seli, ambako imeshikiliwa na protini iitwayo kalsekwestrini. Hunaswa na troponini C, protini ya kwenye nyuzi za msuli, na nyuzi hizo zikajivuta. Kisha sharti iondolewe upesi, la sivyo msuli haulegei na moyo haujai damu. Kazi hiyo ni ya pampu iitwayo SERCA2a, ambayo kwa binadamu hurudisha ghalani takriban asilimia 70 ya kalsiamu iliyomwagika. Breki ya pampu hiyo ni protini nyingine, fosfolambani.

Katika moyo ulioshindwa, SERCA2a huwa imepungua, na breki inaielemea ile iliyobaki. Hasara ni mbili kwa mpigo mmoja: moyo haulegei vizuri, na ghala likiwa nusu tupu, pigo linalofuata linakuwa dhaifu. Hata S100A1, protini inayoshika kalsiamu na kuisaidia pampu hiyo, hupungua pia.

Wanaotetea ukarabati wana hoja nyepesi kueleweka: kilichopungua kirudishwe. Mwaka 2011 jaribio la CUPID, lenye wagonjwa 39, lilipeleka jeni ya SERCA2a moyoni kwa kutumia virusi visivyo na madhara, na waliopewa dozi kubwa walionekana kupata nafuu. Matumaini yakapanda. Likafuata jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 250, na Aprili 2015 majibu yakatoka: jeni haikuwa na faida yoyote kuliko dawa bandia, yaani ile isiyo na tiba ndani yake inayotumika kulinganishia.

Wapinzani waliona kesi imekwisha. Mimi sioni hivyo. Wagonjwa wachache waliopimwa nyama ya moyo walikutwa na jeni kidogo mno, kwa hiyo huenda dawa yenyewe haikufika. Ni sawa na kulaumu mbolea ambayo haikumwagwa shambani. Lakini watetezi nao wasiufanye utetezi huu kichaka cha kudumu. Dawa isiyofika mahali pake, kwa mgonjwa aliye kitandani, ni dawa iliyoshindwa.

Kinachonitia shaka zaidi ni historia ya kuulazimisha moyo uchape kazi. Dawa iitwayo milirinoni huongeza kalsiamu ndani ya seli, na mgonjwa huhisi nguvu. Jaribio la 1991 lililohusisha wagonjwa 1,088 lilionyesha kuwa vidonge vyake viliongeza vifo kwa asilimia 28. Punda afe, mzigo wa bwana ufike. Dawa nyingine, levosimendani, ilikuja na ujanja tofauti: haimwagi kalsiamu zaidi, bali huifanya troponini C iitikie vizuri zaidi ile iliyopo. Hata hivyo, katika jaribio la 2007 lenye wagonjwa 1,327, baada ya siku 180 haikupunguza vifo ikilinganishwa na dobutamini, dawa nyingine ya kuusukuma moyo. Dijoksini, dawa ya moyo ya zamani iliyopimwa kwa wagonjwa 6,800, ilipunguza kulazwa tu, si vifo.

Kisha kuna suala la panya. Mwaka 1999 panya wenye moyo mbovu walipona walipoondolewa fosfolambani. Mwaka 2003 ikaripotiwa kwamba watu wawili waliorithi kwa wazazi wote wawili kasoro inayoiondoa protini hiyo walitanuka moyo wakiwa bado vijana, hadi wakahitaji kupandikizwa mwingine. Breki iliyoonekana adui kwa panya, binadamu anaihitaji. Moyo wa panya hudunda mara mia kadhaa kwa dakika, wetu haufiki huko kabisa.

Ushahidi unaonivuta zaidi ni wa mioyo iliyopumzishwa. Wagonjwa waliowekewa mashine ya kusaidia kusukuma damu, nyama ya moyo wao ilipopimwa baadaye, SERCA2a ilikuwa imepanda bila mtu kuigusa. Kwa hiyo sehemu ya upungufu ule ni matokeo ya mzigo. Na mzigo huo kwetu una jina: utafiti wa nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, uliotolewa 2012, uliwakuta wagonjwa 1,006 wenye wastani wa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa presha.

Hilo haliifuti nadharia ya kalsiamu. Pampu iliyopungua kwa sababu ya mzigo inaweza baadaye kuwa chanzo cha kuzidi kudhoofika, na kuna mioyo ambayo haiamki hata mzigo ukishushwa. Wenye mioyo hiyo ndio ningependa wajaribiwe tiba ya jeni, si kila mwenye mito mitatu. Na jaribio lisipoonyesha, kwa kipande cha nyama kilichopimwa, kwamba pampu zimeongezeka kweli, tutabaki tukibishana pale pale tulipokuwa Aprili 2015.