Njia ya baiskeli yenye kila kitu isipokuwa baiskeli

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2016, sisi wapanda baiskeli tuliachiwa njia yetu pembeni mwa Barabara ya Morogoro, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Ningependa waliotoa tuzo hiyo wanifuate nyuma asubuhi moja tu. Kabla sijafika Manzese huwa nimekwisha kupigiwa honi na bodaboda anayekuja kinyume, tena kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyevamia njia yake, ilhali barabara nzima ya lami iko hapo ubavuni mwake. Jana nililazimika kushuka na kuisukuma baiskeli kati ya jiko la mahindi ya kuchoma na lundo la viatu vya mitumba, ambapo muuzaji (simlaumu sana, naye anatafuta riziki) aliniuliza kwa upole kabisa ninavaa namba ngapi. Nilipomweleza kwamba hiyo ni njia ya baiskeli, alinitazama kwa mshangao, kisha akaniomba nisogee kwa sababu ninawazibia wateja.