Semina ya madhara ya kukaa, tumekaa saa tatu

Ijumaa saa kumi na moja jioni, ushazima kompyuta, begi liko mgongoni, mara simu ting. Grupu la kazini. Watu wa utumishi wameandika: "Kesho saa 12 kamili asubuhi jogingi ya wafanyakazi wote, tunaanzia Leaders mpaka Daraja la Tanzanite na kurudi. Kuhudhuria ni hiari. Mahudhurio yatasainiwa."

Hiari gani ina daftari jamani?

Mi nakaa Mbagala ya ndaaani, ukishuka Rangi Tatu bado unadai boda. Kuwa Leaders saa 12 maana yake natoka kitandani saa 9 usiku, muda ambao wezi wa mtaani kwetu ndo wanarudi kulala. Mama Zuu kaniona navaa raba gizani akauliza kwa upole kabisa, "Baba Zuu, huyo Jogingi anakaa wapi?"

Daladala nimesimama mguu mmoja njia nzima, mkono mmoja bombani, mwingine umeshika waleti, shingo imekunjwa kama kuku wa kwenye tenga. Hayo siyo mazoezi, mazoezi ni yale ya bosi, alishuka kwenye gari lina kiyoyozi akakimbia mita kama mia mbili hivi, akapigwa picha, akapewa maji. Mi naikumbuka 2016 Mama Samia, enzi hizo Makamu wa Rais, alivyohimiza watu wafanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi, nilimuunga mkono sana, nilikuwa kwenye kochi.

Jumatatu ikaja semina. Mada: madhara ya kukaa muda mrefu. Tumekaa saa tatu. Mtoa mada mwenyewe kakaa, aliyesimama peke yake ni dada anayegawa maji. Tukaambiwa Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, nikajisemea moyoni hizo dakika 150 si foleni ya barabara ya Kilwa siku mvua ikinyesha, tena ya kwenda tu.

Halafu vipimo. Nesi kanifunga kile kitambaa mkononi, kikajaa upepo, presha ikasoma 152 kwa 96. Akauliza, "Kaka una mawazo?" Nikamwambia dada yangu, nyuma yangu hapo kasimama mkuu wa idara anasubiri zamu yake, na yeye ndo anasaini likizo yangu, ulitaka isome ngapi? Nesi ana akili yule, akamsogeza mzee nje, akaniambia kaa dakika tano, usiongee, miguu chini usikunje nne. Akapima tena: 134 kwa 86. Kwa hiyo ugonjwa wangu mi unajulikana, unavaa tai.

Mzani ndo ulinimaliza. Kilo 94, urefu mita 1.68, akagawanya gawanya pale akapata 33, eti ukivuka 30 huo ni unene wa kupitiliza, nitafute kilo 70. Yaani nitoe kilo 24. Huyo si mtoto wa darasa la pili kabisa, na begi lake la shule?

Basi kuanzia hapo chai ya saa nne wakafuta supu na chapati, wakaleta tango. Tango limekatwa duara duara limechomekwa vijiti vya meno, nina mke na watoto wanne mi nakula kwa kijiti. Nikashuka kimya kimya kwa mama lishe wetu nyuma ya jengo. Naye kashasikia habari, biashara imeyumba wiki mbili, ananiambia, "Baba karibu, sasa hivi napika chapati za afya."

"Zikoje hizo?"

"Nimepunguza mafuta."

Nikachungulia kikaango, chapati inaogelea. "Mama, hayo uliyopunguza yameenda wapi?"

"Kwenye maharage."

Nikachukua tatu, siwezi kumuangusha mtu aliyejitahidi. Nikazitia kwenye bahasha ya kaki ya ofisini, ile iliyogongwa muhuri SIRI, nikapanda nayo kama nimebeba mafaili. Kufika ghorofa ya pili mafuta yashapenya, siri inasomeka kote kote. Na nilipanda kwa miguu, maana mlangoni mwa lifti wamebandika "Tumia ngazi kwa afya yako", lifti yenyewe imekufa toka mwezi wa tatu, kwa hiyo na fundi kuitwa haitwi tena, ni afya.

Mwezi uliopita likaja shindano la hatua, elfu kumi kwa siku, simu inakuhesabia. Nikagugo hiyo elfu kumi kaitoa daktari gani, kumbe ilianzia Japani miaka ya sitini, kampuni inauza kidude cha kuhesabia hatua, ikakipa jina la hatua elfu kumi, dunia nzima ikashika hapo hapo. Lakini sawa, mi na Mbagala yangu nikajua nimeshinda. Kila siku nagonga elfu kumi na mbili, kumi na tatu. Yanatangazwa matokeo, kashinda mhasibu. Siku yake bora hatua 31,000. Nikaangalia tarehe. Siku hiyo mhasibu alikuwa ED, yaani kapumzishwa kazi na daktari, ana malaria, kalala kwao, cheti cha daktari kipo utumishi. Simu alikuwa nayo mwanae wa kiume, yuko kwenye mashindano ya shule. Kapewa brenda ya kusagia juisi, kapigiwa makofi, na mi nimepiga, ningefanyaje.

Mwezi huu ni shindano la maji. Lita mbili kila mtu kabla ya saa nane mchana, chupa zimegawiwa zina mistari, utumishi wanapita mezani wanakagua mstari umefika wapi. Sasa hivi ni saa saba, nimefika wa mwisho. Ghorofa yetu ina choo kimoja, ufunguo anao mhasibu, na mhasibu leo yuko ED.