Moyo Wangu Ulipiga Mara 911 kwa Dakika

Kwa kuwa jirani yangu ameshatangulia kutangaza kwenye kundi kwamba nilikata roho nikarudi, acheni na mimi niseme langu kabla aibu haijapoa. Sikukata roho. Nilisoma namba vibaya. Basi.

Habari za kukoroma kwangu mnazijua, sirudii. Kilichomtisha mke wangu si ngurumo, ni ukimya. Anasema naunguruma kama trekta, halafu kimya. Anahesabu moja, mbili, tatu, anafika kumi na tano, ndipo naibuka nahema kama niliyeopolewa kisimani. Daktari akasema pumzi ikiwa inakatika usingizini sekunde 10 na zaidi, tena na tena, hilo si la kuchekea. Akanikabidhi oksimita, kile kibanio cha kidole chenye taa nyekundu ndani, kinachorekodi usiku kucha. Namba ya bluu ni oksijeni, kawaida 95 kwenda juu. Ya njano ni mapigo ya moyo. Kucha isiwe na rangi (hapo mke wangu alinitazama, sijui kwa nini). Na la mwisho: "Vaa, lala, usikichungulie."

Nikachungulia.

Saa nane usiku nimezinduka, chumba giza, miwani sijui iko wapi. Kidole kinang'aa kama kimulimuli, hebu niambieni nani angejizuia? Nikakisogeza usoni. Bluu: 86. Njano: 19.

Kumi na tisa! Hiyo si namba ya moyo, ni namba ya jezi.

Nikamwamsha mke wangu kwa sauti ambayo, nasikia, haikuwa ya mtu mzima. "Mama, naondoka."

"Unakwenda wapi saa hizi?"

Nikamwonyesha kidole. Naye ubavuni pangu, usingizi umemjaa machoni, akasoma vilevile nilivyosoma mimi. Akapiga ukelele, akampigia jirani simu alete gari, akanigeukia: "Vuta pumzi, Baba! Vuta!" Nikavuta. Nilivuta nusura pazia linifuate. Bluu ikacheza kidogo, ikaandika kitu kama L6, herufi kabisa, na bado sikushtuka. Nilidhani ndiyo alama ya kufariki. Kisha ikatua: 66.

Yaani kadiri ninavyovuta hewa ndivyo ninavyokwisha. Nikatupa jicho kwenye njano, niuone moyo wangu kwa mara ya mwisho. 911. Dakika mbili nyuma ulikuwa 19, sasa umekuwa cherehani.

Hapo ndipo nilipoanza kutubu. Jirani anadai niligawa urithi. Mwongo, nina urithi gani? Nilichogawa ni namba ya siri ya simu yangu, niliyoilinda miaka 11. Nikaitamka taratibu, tarakimu moja moja, mke wangu akiirudia nyuma yangu huku analia. Kisha nikasema, "Na kile kioo cha kabati... hakuvunja mtoto. Ni mimi."

"SI NILISEMA!"

Kabinti kangu ka miaka 8 kamesimama miguuni pa kitanda, kamenikabili. Haka ndiko kalikokosa katuni wiki nzima kwa ajili ya kioo kile. Na nyuma yake, mlangoni, jirani na funguo za gari mkononi, amesikia kila kitu. Mimi nimevaa kaptula moja tu, ile yenye tundu.

Kabinti kakakikazia macho kidole. "Tisini na tisa. Mia moja kumi na sita." Kakanitazama kwa huruma kama mwalimu anavyomtazama wa mwisho darasani. "Baba, mbona unasoma kichwa chini miguu juu?"

Wewe unayebisha, andika 98 kwenye karatasi, uipindue. Kisha 61. Kisha 116. Haya, endelea kucheka.

Kumbe kile kifaa kina kitufe, ukikiminya namba zinajipindua ili umsomee mwenzio. Nilikiminya nilipokuwa najigeuza kitandani. Oksijeni yangu ilikuwa 98, moyo 61, mtu mzima mwenye afya zake anayemwambia mkewe kwaheri.

Yaliyofuata hayana maana. Jirani alikaa chini akacheka hadi akaomba maji. Asubuhi daktari akafungua rekodi: kabla ya saa nane, mstari wa oksijeni una meno kama msumeno, unashuka chini ya 90 na kupanda, kwa hiyo mke wangu hakuwa anazusha. Baada ya saa nane, mapigo yamepanda kama ngazi. "Hapa ulikuwa unakimbia?" Nikasema ndiyo. Akasema usingizi wenyewe hautoshi, nirudie.

Narudia leo usiku. Kabinti kameshabandika plasta juu ya kioo cha kifaa, tabaka tatu. Namba ya siri nimejaribu kuibadilisha, lakini simu anayo mama yake.