Msituite wavivu, jengeni daraja tunapovukia

Juzi nilimsikia afisa mmoja redioni akiwalaumu wanaovuka Thika Road, barabara kuu ya Nairobi kwenda Thika, chini ya daraja la waenda kwa miguu badala ya kulipanda. Ni wavivu, alisema, wakamatwe. Nilizima redio. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kufuata sukumawiki sokoni Githurai, sasa anarudi na gunia mgongoni, huyo ndiye mvivu?

Tupige hesabu. Malori lazima yapite chini, kwa hiyo sakafu ya daraja hukaa kama mita 6 juu ya lami. Ukijenga ngazi zenye vidato vya sentimita 15, ni vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji mteremko, na kwa kipimo cha kawaida, kila mita 1 ya kimo inadai mita 12 za mwendo. Hizo ni mita 72 kila upande, bila kuhesabu mahali pa kupumzikia. Sasa daraja hilo liwe mita 300 kutoka steji ya matatu. Utatembea 300, upande ngazi, uvuke, ushuke, kisha urudi 300 nyingine, na wakati wote huo mlango wa nyumba yako unauona ng'ambo. Ukiwa na mtoto mgongoni na mvua inanyesha, utaangalia pengo kati ya magari.

Nondo na saruji hazina lawama hapa. Mihimili ya chuma huundwa karakana, ikaletwa kwa trela na kupandishwa kwa kreni usiku magari yakiwa machache. Shida ni miguu ya daraja. Ngazi na miteremko hutaka ardhi, na karibu na steji kila futi ina duka au kibanda, basi daraja linasukumwa hadi penye nafasi. Barabara hii ilipozinduliwa mwaka 2012 ilikuwa na njia nane za magari, lakini baadhi ya madaraja ya miguu yalisubiri miaka. Tuliokuwa tukivuka hapo tangu zamani hatukuhama. Barabara ndiyo iliyopanuka katikati yetu.

Nakubali, wapo wanaokimbia barabarani hata daraja likiwa vichwani mwao. Vijana hasa. Lakini jiulizeni pia kwa nini msichana anayetoka kazini saa tatu usiku akwepe daraja lisilo na taa, lililozibwa pande zote kwa mabango ya matangazo, ambapo akikabwa hakuna dereva atakayemwona.

Kabla mkandarasi hajachimba shimo la nguzo, mhandisi asimame pale saa kumi na mbili asubuhi, kisha arudi jioni, atazame nyasi za katikati ya barabara. Vijia vilivyokanyagwa vipo, vyeupe kabisa. Nguzo ziwekwe hapo. Kama kuna duka njiani, mwenyewe alipwe fidia na ahame. Pesa za kununulia ardhi ya magari zilipatikana.